Ndege ya Watu Mia Moja Sitini na Wawili

Marahaba wote mlioniamkia. Na ambao hamkuniamkia pia marahaba, najua ni haraka tu, siyo malezi mabaya.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelikuta limeshafungiwa maandazi, nasema kwa kifupi. Mjukuu wangu Oliva, niliyemlea tangu hajaota jino, alipangiwa kufunga ndoa Jumamosi Dar es Salaam. Mchumba ni Gerald, yule kijana wa maabara aliyekuwa hospitali ya Haydom kabla ya kuhamishwa. Alinitoboa mimi kidole, akamwomba namba mjukuu wangu.

Mwezi uliopita Gerald akanipigia.

"Bibi, shikamoo. Safari hii sitaki uteseke na basi. Utakuja kwa ndege."

"Marahaba, baba. Ndege?"

"Ndege, Bibi. Tena usiogope, siyo zile ndogo za kutikisika. Hii inabeba watu mia moja sitini na wawili."

"Nimekuelewa, baba. Mungu akuzidishie."

Na kweli nilielewa. Huku kwetu Masakta mtu akikwambia nimekutafutia gari la harusi, linabeba watu sitini, anakwambia lete watu sitini. Ukileta arobaini umemdharau. Ukija peke yako ndiyo kabisa, watu watauliza umegombana na nani. Gari la harusi halipandwi kiti kimoja kimoja, linachukuliwa zima.

Tena niwaulize hivi: kwa nini mtu akutajie viti asivyokupa?

Basi nikavigawa. Kamati ya harusi ilikaa, mwenyekiti shemeji yangu Basili, na kila kiti kikapata mtu. Fundi Nikolausi akashona sare ya kitenge, rangi ya chungwa yenye picha za kuku weupe. Mimi nikajiwekea kiti cha kwanza kabisa, moja A, dirishani. Na saa ileile kiti cha mwisho kilipopata mwenyewe, mlango wangu ukagongwa. Nikafungua.

Amesimama wifi yangu Paskalina, na begi kichwani.

Hapo ndipo mliponiacha.

Paskalina ni dada wa marehemu mume wangu. Tulikuwa hatujasemeshana miaka kumi na moja. Siku tunamzika kaka yake, alisimama katikati ya waombolezaji akasema makande yangu hayajaiva. Nami nikamjibu kwamba makande hayana kosa, kosa ni la meno yake matatu. Tangu siku hiyo, nikipita njia ya juu anapita ya chini.

"Hodi," akasema, akiwa ameshaingia na ameshakaa.

"Karibu, wifi."

"Nimesikia kuna ndege."

"Umesikia vizuri."

"Nimesikia ina viti."

"Inavyo. Vimejaa."

"Vyote?"

"Vyote. Hata kile cha karibu na choo. Mzee Alfredi amekiomba mwenyewe, kwa sababu ya kibofu chake."

Akavua kiatu, akakikung'uta vumbi kwenye sakafu yangu niliyoifagia asubuhi. Nikavumilia. Mimi nilisubiri ng'ombe miaka mitatu azae, siwezi kushindwa na vumbi la kiatu.

"Mimi shangazi wa baba yake bi harusi nikose kiti," akasema, "mwenye mashine ya kusaga apate?"

"Mwenye mashine ametusagia unga wa harusi."

"Basi nipakate."

"Nini?"

"Watoto si wanapakatwa? Nipakate na mimi."

"Evarist anasema kwenye ndege anapakatwa mwenye chini ya miaka miwili."

"Na nani ataniuliza umri mbele za watu?"

Evarist ndiye mtaalamu wetu wa ndege. Aliwahi kufanya kazi ya usafi ndani ya ndege pale KIA, uwanja wa Kilimanjaro, miezi minane, na hakuna mtu mwingine Masakta aliyeingia ndani ya ndege hata kwa ndoto. Ndiye aliyetuchorea. Mbele viti kumi na viwili, vipana, vinne vinne. Nyuma mia moja na hamsini, sita kila mstari, vitatu huku na vitatu huku, katikati njia.

Kamati iliposikia kuna viti vipana, haikubishana. Ikawapa watu wapana. Fransiska wa kwaya alipata kiti cha pili tu kutoka kwangu. Katekista Yohanes, ambaye ni mwembamba kama mshale wa saa, akapelekwa mstari wa kumi na tisa, na tangu siku hiyo anakula mara tano kwa siku.

Basi Paskalina nikamwambia, "Lala hapa leo, wifi. Kesho ni mazoezi. Labda mtu ataugua."

"Nitaomba," akasema. Na usiku kucha nilimsikia akisali.

Jumatano tukakutana kanisani kwa mazoezi ya kukaa.

Mnacheka, lakini tulifanya mazoezi. Watu mia moja sitini na wawili hawawezi kuingia mlango mmoja bila utaratibu, hata siku ya Pasaka wanaumizana. Tukasogeza mabenchi, Evarist akayaandika namba kwa chaki, na kila mtu akaingia na sare yake ya kuku.

"Mkae mlivyopangwa!" Evarist akapaza sauti. "Kila mtu afunge mkanda!"

Mikanda hatukuwa nayo, tukafungana kwa khanga. Fransiska alifungwa kwenye benchi na khanga mbili.

Ugomvi wa kwanza ukawa madirisha. Kanisa letu lina madirisha sita na kila mtu anataka.

"Tubadilishane tukifika katikati ya njia!" mmoja akasema.

"Katikati ni wapi, huko juu kuna vibao?"

Basili akasimama. Akisimama Basili, watu hunyamaza, maana hachelewi kuahirisha kikao.

"Sikilizeni. Mwenye dirisha ataangalia nje. Kisha atamsimulia jirani yake. Jirani atamsimulia wa pembeni. Hakuna atakayefika Dar hajaona kitu."

Wakapiga makofi.

"Sasa tumefika!" Evarist akaamuru. "Simameni!"

Fransiska akasimama, na benchi likasimama naye, na watu watatu waliokuwa kwenye benchi wakabaki wananing'inia kwa khanga zao. Ilibidi mafundi wawili waje kumshusha.

Katikati ya vurugu hiyo, nikamwona Paskalina. Anatembea taratibu kwenye njia ya katikati, peke yake, hana sare. Amevaa lile gauni jeusi alilovaa kwenye msiba wa kaka yake.

"Mama, njiani hairuhusiwi kusimama," Evarist akamwambia.

"Nikae wapi?"

Kila mtu akaishikilia khanga yake.

Akanigeukia. "Wifi. Miaka kumi na moja. Makande yalikuwa yameiva."

Kanisa zima likageuka kumtazama.

"Yalikuwa yameiva," akarudia. "Nilikuwa na uchungu wa kaka yangu. Nikatafuta cha kulaumu, nikaona sahani."

Jamani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyajibu.

Katekista Yohanes akafungua khanga yake, akasogea mbele. "Mama Perpetua, neno hilo limesemwa mbele ya altare. Unamjibu nini wifi yako?"

Nikainuka kwenye moja A.

"Kaa hapa," nikasema. "Kiti changu ni chako. Nimekupa, sitakidai, na mashahidi ni hawa wote."

Vigelegele! Kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa. Paskalina akakaa, akageuka dirishani, akasema kwa sauti, "Kumbe mtu anaona mbali hivi." Nje kulikuwa na punda wa Joakimu mwenye malori.

Evarist akaninong'oneza. "Bibi, sasa wewe ni wa mia moja sitini na tatu. Wakihesabu?"

"Mimi ni mwembamba. Nitaegemea kwa Fransiska."

Lakini moyoni sikuwa mwepesi hivyo. Katika ukoo wetu, aliyemlea bi harusi ndiye anayempaka samli kwenye paji la uso kabla hajatoka kwenda kanisani. Siyo mama mdogo, siyo jirani, ni aliyemlea. Samli nilishaitengeneza, kibuyu kidogo, maziwa ya ng'ombe yule wa miaka mitatu. Na Oliva aliniambia kwa simu, "Bibi, usipokuwepo siingii. Nitakaa kwenye ngazi za kanisa na gauni langu mpaka ufike." Ninamjua. Atakaa. Darasa la pili aligoma kula siku mbili kwa sababu tulichinja kuku wake.

Nikajiambia, Gerald ndiye mwenye ndege, hawezi kumwacha bibi chini.

Mara nje tukasikia pikipiki. Akaingia mjukuu wangu mwingine, Irene, dada yake Oliva, mwalimu wa sekondari Mbulu. Ametoka Mbulu kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alipotuona akasimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Shikamooni."

"Marahaba!" wakaitika wote kwa pamoja, wamefungwa.

"Bibi, shikamoo. Mbona mmefungwa na khanga?"

"Marahaba, mama. Tunafanya mazoezi. Umeleta nini?"

"Tiketi yako. Gerald amenitumia kwenye simu, nimeichapisha mjini."

"Safi. Iweke pale mezani pamoja na nyingine."

"Nyingine zipi?"

"Za hawa."

Irene akawatazama hawa. Akaanza mbele, akaenda mpaka nyuma kwa mzee Alfredi, akarudi mbele. Akanishika mkono, akanitoa nje mpaka kwenye ukuta wa kisima.

"Bibi. Gerald alikwambia nini?"

"Kwamba ndege inabeba watu mia moja sitini na wawili."

"Ndiyo, inabeba."

"Basi."

"Bibi, kiti chako ni kimoja."

"Na vingine?"

"Vingine wamenunua watu wengine."

"Watu gani?"

"Wasafiri tu, Bibi. Hatuwajui."

"Wanakuja harusini?"

"Hapana."

"Sasa wamepanda ndege ya harusi wanakwenda wapi?"

Irene akapangusa vumbi kwenye kope. Mwalimu wa sekondari, hisabati na fizikia, akaanza somo upya.

Alinieleza mara tatu. Ndege siyo ya harusi. Ndege inakwenda tu, kila siku, harusi iwepo isiwepo. Gerald alinitajia ukubwa wake ili nisiogope. Ilipofika mara ya tatu nikaelewa, nikakaa kwenye ukuta wa kisima.

"Hebu nione hiyo karatasi. Ni moja A?"

"Kumi na nne E."

"Dirishani?"

"E ni katikati, Bibi. Utakuwa na mtu huku na mtu huku."

Oneni bahati yangu. Ndani ya kanisa nimegawa dirisha la mbele ambalo halipo, na mkononi nimeachiwa katikati ya nyuma ambako kupo.

"Usiwaambie leo," Irene akasema. "Tuondoke sisi wawili alfajiri, nikufikishe uwanjani, mimi nipande basi. Ukifika Dar utawapigia simu."

Nilifikiri. Sitaficha, nilifikiri kabisa, kama muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Kisha nikasikia kwaya ndani wameanza tena ule wimbo, na sauti ya Paskalina juu ya wote, anaimba ovyo, anafurahi. Nikainuka.

"Nimezeeka na aibu nyingi," nikamwambia Irene, "lakini hakuna niliyoitorokea kwa simu."

Nikaingia. Nikasimama pale mbele. Nikawaambia yote, bila kupunguza. Kwamba ndege ni ya watu wengi, sisi ni mmoja, na mmoja huyo ni mimi. Kwamba nilidhani. Kwamba kosa siyo la Gerald wala la Oliva, ni langu mimi Perpetua wa darasa la tatu.

Benchi la Fransiska likalia kidogo, basi.

Wa kwanza kusema akawa Yohanes. "Evarist. Wewe ulifanya kazi humo ndani. Hukujua kwamba viti vina wenyewe?"

Evarist alikuwa amejifunika uso na daftari la michoro. "Mimi nilikuwa naingia kufagia, katekista. Kila nikiingia, tupu. Miezi minane sijakuta mtu amekaa. Nikajua vipo tu."

Nikasubiri mawe. Nikasubiri mtu anivulie sare anitupie. Badala yake Basili akasimama, akiwa bado na khanga kiunoni.

"Shemeji, nikuulize. Gerald alisema ndege inabeba watu mia moja sitini na wawili, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, lakini..."

"Alikwambia wewe, au aliwaambia hao wengine?"

"Aliniambia mimi, lakini..."

"Nani alipanga kwanza? Sisi tuna daftari la mwezi mzima. Wao wana daftari?"

"Wana tiketi, babu," Irene akasema.

"Tiketi ni karatasi. Tutakwenda. Tutawakuta huko uwanjani, tutawasalimia vizuri, tutawauliza wao walialikwa na nani. Mtu mwenye adabu akisikia kuna harusi, anapisha."

"Babu Basili, kule hawapishi..."

"Umewahi kuwaona mia moja sitini na mmoja wakikataa kwa pamoja?"

"Sijawahi."

"Basi usituhukumie watu."

Vigelegele tena. Niliona kosa langu limenitoka mikononi, limepata mwenyekiti.

Halafu Paskalina akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Nina swali dogo. Kiti kilicho cha kweli ni kimoja. Ni cha nani?"

"Ni cha Bibi," Irene akasema haraka. "Kimeandikwa jina lake, na wanaangalia kitambulisho."

"Mwanangu, sikukuuliza kimeandikwa nini. Nimeuliza ni cha nani. Nusu saa iliyopita wifi yangu amesimama hapa mbele ya altare akasema kiti changu ni chako, sitakidai. Mlisikia au mlikuwa mnaimba?"

Wakasema walisikia. Watu wangu hao! Jambo moja hawawezi, kudanganya kanisani.

"Wifi," nikasema, "nilikupa moja A."

"Ulisema kiti changu. Hukusema namba."

"Na samli ya Oliva nani atampaka?"

Hapo akaitazama ile tiketi mkononi mwa Irene, akasogea, akaichukua taratibu, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Tutajua huko mbele," akasema. "Kwa sasa nitaitunza mimi. Wewe una tabia ya kugawa."

Alhamisi asubuhi tukaondoka Masakta kwa malori mawili ya Joakimu, yale yanayobeba vitunguu saumu. Ndege yenyewe ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, KIA. Mimi nilikaa mbele kwenye lori la kwanza, kati ya Joakimu na Irene, kibuyu cha samli mapajani. Paskalina hakukubali kukaa mbele, alisema anataka kuwa na wananchi. Kila tukiruka shimo namsikia nyuma, "Karatasi ipo! Karatasi ipo!"

Irene alimpigia Gerald njia nzima. Hapatikani.

Tukafika Katesh, Joakimu akasimamisha ili watu wachimbe dawa. Wakashuka wote, kuku weupe kila mahali, mlima Hanang mbele yao. Wapita njia wakauliza ni mkutano wa chama gani. Na hapo ndipo simu yangu ikalia.

Simu yangu inasema kwa sauti ya juu. Irene aliiweka hivyo kwa sababu ya masikio yangu, na mimi sijui kuishusha.

"Bibi, shikamoo! Samahani, nilikuwa kazini, nimeona simu za Irene. Mmeshaanza safari?"

"Marahaba, baba. Tumeanza."

"Uko na nani?"

"Niko na Irene." Sikudanganya. Nilikuwa naye.

"Mbona nasikia watu?"

"Ni Katesh, baba. Katesh ina watu."

"Wanaimba?"

Nikawapungia kwaya mkono wanyamaze. Wakadhani nimewaomba ubeti wa pili.

Nikaona sasa basi. Nikakumbatia kibuyu. "Gerald, baba yangu, kuna neno nataka nikwambie kabla hatujafika mbali, na nakuomba ukae chini..."

"Bibi, wewe usiwaze kitu. Huku kila kitu kimekamilika. Oliva yuko hapa, anakusalimia, anasema samli usiisahau. Na ukumbi tumepata mzuri mno, Bibi, ungeuona! Una viti mia tatu."

Simu ikalitangaza hilo Katesh nzima. Hata kwaya ikakatika katikati ya neno.

Irene akafumba macho. "Mungu wangu," akasema polepole, "amerudia."

Basili alikuwa ameshaokota kijiti. Akaandika kwenye vumbi la ubavu wa lori, mia tatu, akatoa mia moja sitini na tatu, akaazima moja, akarudi nyuma kidogo akaangalia jibu lake.

"Mia moja thelathini na saba!" akapiga kelele. "Tumeacha watu mia moja thelathini na saba nyumbani! Gerald atasemaje? Joakimu! Geuza!"

"Shemeji, hapana!" nikasema. "Basili! Ndege ni kesho saa nne!"

"Itatusubiri. Si tunakwenda wengi?"

"Geuza!" Fransiska akaitikia. "Dada yangu alilia jana!"

"Geuza! Mashemeji zangu wa Haydom hawajui hata habari!"

Nikamtafuta Paskalina. Alikuwa juu ya lori, mkono mmoja kifuani ilipo tiketi, ananitazama mimi na kibuyu changu. Kurudi Masakta, kuisubiri kamati iwapange watu mia moja thelathini na saba, kazi ya mwezi mzima, kisha kuwahi KIA kabla ya saa nne kesho, hata kama Joakimu angefunga mbawa isingewezekana. Alijua. Nilijua. Akashuka kwa kukanyaga tairi, taratibu, akaja mpaka niliposimama.

"Wifi," akasema, "pikipiki ya kwenda Babati kwenye mabasi inabeba wangapi?"

"Hallo?" Gerald bado yuko kwenye simu. "Bibi? Nani anageuza nini?"

Nikaharakisha kuizima. Nikabonyeza mahali pekundu, au nilipoona pekundu. Haikuzima. Kioo kikawaka, na ndani ya kioo nikamwona Gerald, na mdomo wa Gerald ukafunguka kadiri alivyotuona sisi, na kitenge, na kuku, na lori la kwanza likigeuka.

Kando yake alikuwa Oliva. Mtoto niliyemlea mwenyewe, ananijua kuliko daktari. Hakushangaa, wala hakuuliza.

Alinyoosha kidole kwenye kioo, akaanza kutuhesabu.